Ukoo wa O'Brien na wafalme wa Ireland ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika hesabu ya majina ya ukoo iliyofanywa Ireland mwaka 1890, O'Brien lilishika nafasi ya 6. Jina la kawaida kabisa, basi, la walimu na mapadri na wakulima. Lakini limetoka kwa mtu mmoja, Mfalme Brian Boru, mzee aliyeuawa karibu na Dublin siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1014, na kwa wajukuu waliolishika jina la babu yao hata likageuka kiti cha enzi. Haya ndiyo maswali ambayo huulizwa sana na mtu anayeanza kuufuatilia ukoo huu.

O'Brien maana yake ni nini?

Mjukuu wa Brian. Katika Kiairishi cha kale neno *ua* ni mjukuu, na kwa upana wake ni mzao yeyote. Baadaye likafupika kuwa *ó*. Mwana ni *mac*. Kwa hiyo Ua Briain, Ó Briain na O'Brien ni jina lilelile katika nyakati tatu.

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili, maana *bin* na *binti* tunazijua. Ali bin Salim akipata mtoto, mtoto huyo ni Omari bin Ali, na Salim anaanza kurudi nyuma. Ireland nayo ilikuwa hivyo. Brian aliitwa Brian mac Cennétig, yaani Brian bin Cennétig. Kisha, kuanzia karne ya 10 na ya 11, familia kubwa zikaanza kumshika babu mmoja na kukataa kumwachia: watoto, wajukuu, vitukuu, wote wakabaki "wajukuu wa fulani". Majina ya ukoo ya Kiairishi ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa barani Ulaya.

Mwanamke hawezi kuwa Ó Briain kwa Kiairishi, kwa sababu *ó* ni neno la kiume. Yeye ni Ní Bhriain, na ndani ya *ní* limo neno binti. Ile alama ndogo baada ya O tunayoiona leo ni mkono wa makarani walioandika kwa Kiingereza. Kiairishi chenyewe kina kistari cha mshazari juu ya herufi. Chini ya utawala wa Waingereza, katika karne za 17 na 18, watu wengi waliiacha hiyo O, wakabaki Brien au Bryan. Mwishoni mwa karne ya 19, lugha na utamaduni vilipoanza kufufuliwa, wengi wakairudisha.

Kwa hiyo Brian Boru alikuwa O'Brien?

Hapana. Yeye ndiye Brian anayetajwa katika jina. Hawezi kuwa mjukuu wake mwenyewe. Hata wanawe hawakuwa O'Brien. Kosa hili limejaa kila mahali, na linastahili kusahihishwa, kwa sababu ukishalielewa ndipo unapoona jina lilivyozaliwa: lilizaliwa katika kizazi cha tatu, katikati ya ugomvi wa urithi.

Brian alitokea wapi?

Katika kabila la Dál Cais, kando ya mto Shannon, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Clare. Hawakuwa watu wakubwa. Munster, sehemu ya kusini ya kisiwa, ilikuwa imetawaliwa kwa karne nyingi na koo za Eóganachta kutoka mwamba wa Cashel, na Dál Cais walikuwa majirani wa pembeni. Baba yake, Cennétig, alifariki mwaka 951. Kaka yake, Mathgamain, aliichukua Cashel na kuwapiga Waviking wa Limerick, watu wa asili ya mabaharia wavamizi wa Skandinavia, kisha akauawa mwaka 976. Brian akalipiza kisasi, na kufikia mwaka 978 Munster ilikuwa mkononi mwake.

Kutoka hapo alipanda polepole. Mwaka 997 yeye na Máel Sechnaill, mfalme wa Uí Néill, koo kubwa za upande wa kaskazini, waligawana kisiwa: kusini yako, kaskazini yangu. Mwaka 1002 Máel Sechnaill akamkubali kuwa juu yake, na zile zama ambazo Uí Néill waliuona ufalme mkuu kuwa mali ya nyumba yao zikakatika.

Kuna ukurasa mmoja ningependa kila mtu anayeuliza habari za Brian auone. Mwaka 1005 alikwenda Armagh, mji wa Mtakatifu Patrick, akaweka wakia 20 za dhahabu juu ya altare. Akiwa huko, kasisi wake Máel Suthain alifungua Kitabu cha Armagh, kilichokuwa tayari na umri wa karibu miaka 200, akaandika kwa Kilatini kwamba ameyaandika hayo mbele ya macho ya Brian, *imperator Scotorum*, kaizari wa Waairishi. Wakati huo Scoti lilikuwa jina la Waairishi. Mwandishi akatia saini Calvus Perennis, tafsiri ya jina lake mwenyewe kwa Kilatini: Kipara wa Daima. Kitabu hicho kipo Dublin hadi leo, katika maktaba ya Chuo cha Trinity. Mambo mengi yanayosemwa kuhusu Brian yaliandikwa miaka mia baadaye. Mistari hii iliandikwa akiwa pale pale.

Ni kweli aliwafukuza Waviking kutoka Ireland?

Ndivyo watoto walivyofundishwa kwa muda mrefu, na sivyo ilivyokuwa. Vita vya Clontarf, tarehe 23 Aprili 1014, vilikuwa karibu na ugomvi wa shemeji na mkwe.

Tazama watu wenyewe. Upande mmoja alikuwepo Máel Mórda, mfalme wa Leinster, jimbo la mashariki, Mwairishi. Pamoja naye Sitric, mfalme wa Dublin mwenye asili ya Kiviking. Dada wa Máel Mórda aliitwa Gormlaith, naye ndiye mama yake Sitric. Gormlaith huyohuyo aliwahi kuolewa na Brian na kumzalia Donnchad. Na Sitric mwenyewe alikuwa amemwoa Sláine, binti ya Brian. Kwa hiyo jeshi la Sitric lilipigana na baba mkwe wake, ambaye aliwahi kuwa mume wa mama yake, na Donnchad mwana wa Brian alikuwa nduguye kwa tumbo moja. Waviking walikuwepo pande zote mbili. Wageni kutoka ng'ambo ya bahari, kama Sigurd wa Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, walialikwa na Dublin.

Jeshi la Brian lilishinda. Lakini Murchad, mwanawe mkubwa na mrithi, aliuawa. Toirdelbach, kijana wa Murchad, alikufa maji. Brian mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka 70 ambaye hakushika silaha siku ile, aliuawa na Waviking waliokuwa wakikimbia. Maiti yake ilipelekwa Armagh ikazikwa huko. Sitric hakutoka nyuma ya kuta za Dublin, na aliendelea kuwa mfalme wake hadi mwaka 1036. Waviking hawakufukuzwa, walibaki mijini mwao, wakifanya biashara na kuoa.

Ile hadithi ya mkombozi ilitungwa na kitabu kiitwacho *Cogad Gáedel re Gallaib*, Vita vya Waairishi dhidi ya Wageni, kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 12 kwa ajili ya vitukuu vya Brian. Wao walikuwa wanaugombea ufalme mkuu na walihitaji babu asiye na mfano. Ni kitabu kizuri kukisoma. Ila kisomwe kama utenzi wa kumsifu babu, wala si kama shahidi mahakamani.

Basi nani alikuwa wa kwanza kuitwa Ua Briain?

Toirdelbach Ua Briain, aliyezaliwa mwaka 1009 (si yule aliyekufa maji Clontarf). Babu alipouawa yeye alikuwa na miaka mitano.

Baada ya Clontarf walibaki wana wawili wenye nguvu, Tadc na Donnchad. Mwaka 1023 Tadc aliuawa kwa uchochezi wa Donnchad. Toirdelbach ni mtoto wa huyo Tadc. Alilelewa chini ya ulinzi wa Diarmait mac Máel na mBó, mfalme wa Leinster, na kwa msaada wa baba mlezi huyo alimwandama ami yake miaka nenda rudi. Mwaka 1063 Donnchad aliondolewa. Mzee huyo akaenda kuhiji Roma, akafia huko mwaka 1064.

Fikiria sasa kijana huyo anajitambulisha vipi. Akijiita bin Tadc, anataja mtu aliyeuawa kabla ya kutawala. Akijiita mjukuu wa Brian, anamtaja kaizari wa Armagh. Alichagua babu. Kwake yeye "ua Briain" ilikuwa kweli tupu, mjukuu halisi. Kwa watoto wake ikawa jina.

Alitawala hadi alipofariki mwaka 1086, na barua zilimfikia kutoka kwa Papa Gregori VII na kutoka kwa Lanfranc, askofu mkuu wa Canterbury. Kumbukumbu za Inisfallen, zilizoandikwa na watawa mwaka baada ya mwaka, zinasema kwamba mwaka 1079 Wayahudi watano walivuka bahari wakamletea zawadi, kisha wakarudishwa walikotoka. Ni mara ya kwanza Wayahudi kutajwa katika nchi ya Ireland. Mtawa aliandika sentensi moja akaendelea na mambo mengine.

Majina haya yanatamkwaje?

Hapa Kiswahili kinatubeba, maana sauti ambazo Waingereza huzishindwa sisi tunazo kwenye *dhahabu* na *kheri*. Kwa matamshi ya zama zile, Toirdelbach ni karibu na "Tordhelvakh", na Muirchertach ni "Murkhertakh". Donnchad ni "Donnkhadh". Anayesema *subalkheri* kila asubuhi hahitaji mafunzo zaidi.

"Mfalme mkuu" alikuwa anaitawala Ireland yote?

Kwa nadra sana. Kisiwa kilikuwa na wafalme wengi wa ngazi mbalimbali: wa eneo dogo, wa maeneo kadhaa, wa jimbo zima. Mfalme mkuu alikuwa yule aliyeweza kuwalazimisha wengine wampe mateka na ng'ombe na kumfuata vitani. Waandishi wa Kiairishi walikuwa na msemo wa kweli kwa wengi wao: *rí co fressabra*, mfalme mwenye wapinzani.

Urithi nao haukwenda kwa mtoto wa kwanza. Mwanamume yeyote mzima wa ukoo wa kifalme aliweza kuchaguliwa, na mara nyingi mrithi aliteuliwa mapema akaitwa *tánaiste*. Neno hilo lingali hai: ndicho cheo cha naibu waziri mkuu wa Ireland ya leo. Faida yake ni kwamba mtoto mchanga hakuwekwa kwenye kiti. Hasara yake umeiona kwa Tadc.

Ni nani aliyekuwa mkubwa kuliko wote?

Watu watasema Brian. Mimi nasema Muirchertach, mwana wa Toirdelbach, na inaniuma kwamba jina lake halijulikani nje ya vitabu vya wataalamu.

Alitawala kuanzia 1086, baada ya kuwashinda ndugu zake, hadi alipofariki mwaka 1119. Mfalme huyu alikuwa na macho ya baharini. Dublin ilikuwa mkononi mwake, na meli zake zilizunguka kisiwa. Mwaka 1102 alimwoza binti yake mmoja kwa Arnulf de Montgomery, kabaila wa Kinormani, yaani wa wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, aliyekuwa amemwasi Henry I wa Uingereza, na mwaka huohuo akamwoza mwingine kwa Sigurd, mwana wa Magnus mfalme wa Norwei. Ndoa mbili, mwaka mmoja, pande mbili za bahari. Henry alipozuia biashara ya baharini Muirchertach alilegeza msimamo. Magnus aliuawa Ulster, jimbo la kaskazini, mwaka 1103, na Sigurd akarudi kwao akamwacha yule msichana Ireland. Hesabu haikutoka kama alivyopanga, lakini tazama upana wake.

Kisha kuna ngamia. Kumbukumbu za Inisfallen, mwaka 1105, zinasema mfalme wa Uskoti alimpelekea Muirchertach ngamia, mnyama wa ukubwa wa ajabu. Kwa msomaji wa Garissa ngamia ni mnyama wa kila siku. Mweke kwenye tope la Limerick, mvua ya magharibi inamnyeshea, watu wamesimama na jembe mkononi wanamkodolea macho, ndipo utaelewa kwa nini mtawa aliyekuwa akiandika vita na vifo alisimama kumwandikia mnyama mstari.

Mwaka 1101 alifanya mambo mawili yanayomwonyesha mtu mzima-mzima. La kwanza: aliutoa mwamba wa Cashel, ngome ya kale ya wafalme wa Munster, akawapa kanisa milele. Ulikuwa uchaji, na pia ulikuwa ujanja mkubwa, kwani mwamba ule ulikuwa alama ya mahasimu wa ukoo wake, Eóganachta. Ukishakuwa wa Mungu hakuna atakayeudai. La pili: alikwenda kaskazini na jeshi hadi Ailech, makao ya hasimu wake Domnall Mac Lochlainn, ambaye mwaka 1088 alikuwa ameichoma Kincora, makao ya Brian huko Killaloe. Muirchertach akaibomoa Ailech. Akaamuru kwamba kwa kila gunia la chakula lililobebwa na jeshi, lichukuliwe jiwe moja la ngome ile hadi Limerick. Safari ya siku nyingi, gunia linapungua, jiwe liko palepale.

Mac Lochlainn hakumtii kamwe, hata hivyo. Mwaka 1114 Muirchertach aliugua vibaya akakonda mpaka mifupa, nduguye Diarmait akakichukua kiti kwa muda, na mwaka 1118 ukoo wa Ua Conchobair wa Connacht, jimbo la magharibi, uliigawa Munster mapande mawili: kusini, Desmond, ikaenda kwa ukoo wa Mac Carthaig; kaskazini, Thomond, ikabaki kwa Ua Briain. Hawakuirudisha tena ile nafasi ya juu kabisa.

Kwa nini kumbukumbu zinataja miti iliyokatwa?

Kwa sababu mfalme wa Dál Cais alitawazwa chini ya mti. Mahali paliitwa Magh Adhair, karibu na Quin katika Clare: kilima cha kujengwa, juu bapa, na kando yake mti mtakatifu ulioitwa *bile*. Adui aliyeingia nchini aliweza kuchukua ng'ombe, na ng'ombe hupatikana wengine. Kuukata mti ule kulikuwa kumvua mfalme nguo mbele ya watu wake.

Mwaka 982 Máel Sechnaill aliukata, wakati Brian angali anapanda ngazi. Baadaye wawili hao walikuja kugawana kisiwa, na nadhani Brian hakuusahau mti hata siku moja. Ulipandwa au ukachipua tena, maana mwaka 1051 mfalme wa Connacht aliuangusha kwa mara nyingine.

Wanormani walipokuja ukoo ulifanya nini?

Ulijipinda bila kuvunjika. Mfalme wa wakati ule alikuwa Domnall Mór Ua Briain. Mwaka 1171 alimkubali Henry II, mfalme wa Uingereza, alipofika, na mwaka 1174 akawapiga Wanormani vibaya huko Thurles. Mkewe alikuwa binti ya Diarmait Mac Murchada, yule mfalme wa Leinster aliyewaita Wanormani, hivyo akawa shemeji wa kiongozi wao Strongbow. Kanisa kuu la Mtakatifu Maria huko Limerick linahesabu kuanzishwa kwake na yeye, mwaka 1168. Mpaka alipofariki, mwaka 1194, Limerick ilikuwa yake. Wengi humwita mfalme wa mwisho wa Munster.

Karne iliyofuata ilikuwa chungu. Mwaka 1276 familia ya de Clare ilipewa Thomond na mfalme wa Uingereza, ikajenga ngome Bunratty. Thomas de Clare na Brian Ruad Ua Briain walichanjiana: damu zao zilimiminwa katika chombo kimoja, wakaapa kwa masalio ya watakatifu na kengele. Mwaka 1277 de Clare akamuua. Anayejua uzito wa kuchanjiana kwa wazee wetu hahitaji kuelezwa Waairishi walivyolipokea jambo lile. Kumbukumbu zao zinalitaja kwa uchungu usiojificha.

Lilikuja kulipwa tarehe 10 Mei 1318 huko Dysert O'Dea, ambako Richard de Clare, mwana wa Thomas, aliuawa na jeshi lake kusambaratishwa na watu wa Muirchertach Ó Briain na Conchobar Ó Deághaidh. Mke wa de Clare aliichoma Bunratty akapanda meli kwenda Uingereza. Thomond ilibaki kwa Ó Briain kwa zaidi ya miaka 200.

Ufalme uliisha lini?

Tarehe 1 Julai 1543, huko Greenwich karibu na London. Murrough O'Brien alimkabidhi Henry VIII, mfalme wa Uingereza, ardhi na cheo cha kale, akarudishiwa ardhi hiyo kwa sheria ya Kiingereza na kufanywa Erli wa Thomond na Baroni wa Inchiquin. Kuanzia hapo urithi ungemfuata mtoto wa kwanza. Wapo wanaomlaumu. Mimi naona alitazama yaliyowapata wengine waliokataa, akachagua ardhi.

Na wanawake wa ukoo?

Kumbukumbu zinawataja wakiolewa na wakifa, na katikati hunyamaza. Gormlaith ndiye aliyeandikwa zaidi, na aliandikwa vibaya: watunzi wa baadaye walimfanya mchochezi wa Clontarf, kana kwamba wanaume wale walihitaji kuchochewa. Baada ya zama za kati yupo Máire Rua, Mary mwenye nywele nyekundu, wa ngome ya Leamaneh. Mumewe Conor O'Brien aliuawa mwaka 1651 akipigana na jeshi la Cromwell, jemadari wa Kiingereza. Yeye akaolewa na afisa wa jeshi hilohilo, na mali ya mwanawe Donough ikanusurika. Watu wa Clare wamemzulia hadithi za kutisha. Mali ya mtoto ni jambo la kweli.

Kinubi cha Brian Boru ni chake kweli?

La. Kinubi kilichopo Chuo cha Trinity kimetengenezwa karne ya 14 au ya 15, miaka mia tatu na zaidi baada yake. Ndicho kielelezo cha nembo ya taifa la Ireland na cha sarafu zake.

Kila O'Brien ni mzao wa Brian?

Si kila mmoja. Jina lilichukuliwa pia na watu waliokuwa chini ya ukoo huo, na pale O zilipoachwa na kurudishwa majina yaliyofanana yaliingiliana. Ipo alama ya kinasaba iitwayo L226 inayopatikana sana kwa wanaume wa koo zinazojihesabu kuwa za Dál Cais. Inaonyesha kabila, haimtaji Brian. Kinyume chake pia ni kweli: wapo wazao wake wengi wasio na jina hilo. McMahon wa Clare wanatokana na Muirchertach yule wa ngamia, na jina Kennedy, la jamaa zake ingawa si wazao wake, linatoka kwa Cennétig, jina la baba yake Brian lililorudiwa katika familia ya kaka yake.

Kuna O'Brien aliyefika katika nchi za Kiswahili?

Yupo, na Lubumbashi bado inamkumbuka katika historia yake. Conor Cruise O'Brien, aliyezaliwa Dublin mwaka 1917, alifika mji huo, wakati huo Élisabethville, mwezi Juni 1961 kama mwakilishi wa Umoja wa Mataifa katika Katanga iliyokuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Tarehe 13 Septemba vikosi vya Umoja wa Mataifa vilishambulia, naye akatangaza kwamba kujitenga kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha. Kikosi cha Waairishi wapatao 155 kilizingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kikapigana hadi risasi na maji vilipomalizika, kikajisalimisha tarehe 17. Usiku wa kuamkia tarehe 18, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola. O'Brien aliondoka kwenye kazi hiyo Desemba, na Katanga ikarudi Kongo Januari 1963.

Nikifika Ireland niende wapi?

Anza Killaloe, ambako Shannon inatoka ziwani na ambako Kincora ilisimama. Kisha Limerick, kanisa la Domnall Mór. Kisha Cashel. Ukiwa na siku moja ya ziada nenda Magh Adhair. Hakuna jengo wala ukumbi wa wageni kama wa Bunratty: ni kilima chenyewe katika malisho, kijito, na jiwe la kusimama ng'ambo ya kijito. Panda juu ya kilima. Mti haupo.